Kameramani Aliyehesabu Watu

Kama una picha ya kundi iliyopigwa mjini Kasese miaka ile, na ndani yake watu wote wamenyooka na midomo imefunguka kidogo kwa sababu wametoka tu kutamka namba, huna haja ya kuuliza nani alipiga. Ni yeye. Jina lake nalijua, hata la ukoo, lakini sikuwahi kulitumia na sitaanza leo. Mji mzima ulimwita Kameramani. Makasisi walimwita hivyo madhabahuni, walevi walimwita hivyo barabarani, na siku moja nilipompelekea ujumbe nyumbani, mkewe mwenyewe aliniambia Kameramani ameenda Bwera, atarudi jioni.

Habari ya kutamka namba ni hii. Kabla ya kupiga picha ya watu wengi, aliwahesabisha. Hakuhesabu yeye; mlijihesabu wenyewe kuanzia kushoto, kwa sauti, kama askari kwenye gwaride. Bibi wa miaka themanini atasema tatu, mtoto wa mgongoni atasemewa nne na mama yake, na mchungaji, mtu mzito mwenye kanzu, atasema tano bila kubisha. Mmoja akizubaa, mnarudi mwanzo. "Simama! Kidevu chini! Pumua, haufi!" Uaskari hakuwahi kuugusa. Amri zile aliziokota kwa maafande waliokuwa wakija mezani kwake kupiga picha za kitambulisho, akaona zinafaa, akabaki nazo.

Ukimuuliza kwa nini kuhesabu, alikuwa na jibu tayari. "Picha bila hesabu iko uvumi," alisema. "Kesho mutu atakuja kusema alikuwa hapo, na mimi sina ushahidi." Watu walicheka, na walipenda. Zipo familia za Rukoki, pembeni mwa mji, ambazo mpaka leo zikisimama mbele ya kamera ya mtu mwingine zinaanza kuhesabu zenyewe bila kuambiwa.

Meza yangu ilikuwa jirani na yake, upande wa nyuma wa paki ya teksi, chini ya bati moja lililovuja katikati yetu. Mimi ni fundi simu. Baba yangu aliletwa kutoka Kenya na kazi ya kiwanda cha saruji, akatulea Rukoki, nami nikajifunza kufungua simu kwa kuharibu za kaka zangu. Fundi simu mwanamke lilikuwa jambo la kushangaza mjini. Wateja walikuwa wakifika mezani, wananitazama, kisha wananiuliza fundi yuko wapi. Siku ya kwanza Kameramani aliweka simu yake mbele yangu akasema, "Fundi, hii kitu imekufa." Hakutafuta mwanamume nyuma yangu. Kwa hilo tu nilimpenda, na mengine nitakayosema humu, hata yakiwa machungu, yajulikane yametoka kwa mtu aliyempenda.

Alizichukia simu, na alikuwa nazo mbili. Asubuhi nzima angezitukana: zimewafanya watu wavivu, zimefanya kila mwenye kidole ajiite mpiga picha, zimeua albamu. Kisha angeinama kwangu na kuniuliza kwa sauti ya chini kama nimepata ile yenye kioo kikubwa zaidi. Kwa kweli simu zilikuwa zimemwonea. Zamani, baada ya ubatizo au arusi, alisafisha picha mjini, na Jumapili iliyofuata alizitandaza kwenye shuka jeupe nje ya kanisa ili kila mtu atafute uso wake na kununua. Sasa watu walikuja, wakainama juu ya shuka, wakazipiga picha zile picha kwa simu zao, wakamsalimia vizuri na kwenda zao. Yeye aliwatazama tu. Alisema hawezi kumfukuza mtu anayejitazama mwenyewe.

Ndipo akaja na wazo ambalo wapiga picha wengine wa Kasese walilicheka kwanza na kuliiga baadaye. Alitaka picha itoke kwenye kamera iingie kwenye simu palepale shughulini, mteja aione kabla jasho halijakauka. Nilimtafutia kile kifaa kidogo cha kuchomekea kadi ya kamera kwenye simu, ambacho sisi mafundi tulikiita rida, nikamwonyesha mara tatu namna ya kukitumia, na mara ya nne akaniambia niache kumfundisha anajua. Kuanzia siku hiyo rida ilining'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu, mahali ambapo wenzake walivaa rozari.

Namna alivyohamisha picha ilikuwa tamasha peke yake. Alikaa popote: kwenye ngazi za kanisa, juu ya gunia la kahawa, kwenye kiti cha bodaboda iliyoegeshwa. Alitoa kadi, akaipuliza, akaichomeka, kisha akavua koti na kujifunika kichwa, simu na vyote, kuzuia jua. Alikaa humo muda mrefu. Watoto walikuja kuchungulia chini ya koti na wakafukuzwa kwa amri za gwaride. Ndani mle, nilikuja kuona, alikuwa akiikuza picha kwa vidole viwili na kuivuta polepole, kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, huku midomo ikihesabu. Hesabu ikitimia alitoka ametulia. Isipotimia alitoka kama aliyeng'atwa na siafu, na wote walirudi kupangwa upya.

Nilimwona hivyo Bwera, mpakani na Kongo, siku ya soko, nilipokuwa nimeenda kutafuta vioo vya simu. Kule alikuwa na wateja wake wa ng'ambo, akina mama wanaovuka asubuhi kutoka Kongo na mafuta ya mawese na kurudi jioni na chumvi na sabuni. Hawakuwa na intaneti, basi picha aliwarushia simu kwa simu, wamesimama bega kwa bega naye. Siku hiyo walikuwa watatu, wamevaa vitenge vya aina moja, wamejihesabu vizuri kabisa. Alipowaonyesha picha, mmoja aliinama, akanyanyuka, akainama tena.

"Papa," alisema, "tulikuwa batatu. Hapa naona babili. Mwenzetu iko wapi?"

Kameramani aliichukua simu, akaivuta picha kulia mpaka ikagoma. Palikuwa na ncha ya kilemba, basi. Akaitazama kamera, akaitazama simu, akatangaza kwamba simu imemla mmoja, watu hawa wa simu hawashibi. Wale mama walicheka mpaka wakashikana. Wakarudi mahali pao, wakahesabu tena, naye akarudi nyuma hatua nyingi zaidi safari hii. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa naijua simu ile kuliko yeye, na nilijua simu haili mtu, lakini nilicheka.

Alikuwa mtu wa kinyume na kinyume. Kwa tajiri alikuwa mkali na kwa mkulima alikuwa na subira ya kushangaza. Alipaka nywele rangi nyeusi na kudai ni mafuta ya mchikichi. Hakukubali kupiga picha ya mume na mke waliogombana. Alisema uso uliokasirika anauona hata kabla hawajakaa, akawaambia wakale chakula warudi. Chai aliinywa na tangawizi nyingi hadi macho yanatoka machozi. Aliimba sauti ya tatu vizuri kuliko kwaya, lakini kanisani alikaa nje, akisema kazi yake ni mlango: ndipo watu wanapotoka wakiwa na nyuso nzuri.

Na alikuwa na jina la maringo. Ukimsalimia kutoka ubavuni hakuitika. Wauza vitumbua waliokaa mkono wake wa kushoto walinung'unika kwamba mzee siku hizi anachagua wa kumjibu. Alimkanyaga mtu akamwambia mtu ndiye hakuangalia. Mara mbili alimgonga mwendesha baiskeli, au baiskeli ilimgonga yeye, na mara zote mbili alisema Kasese imejaa watu wasiojua kupita. Watu walisema ni uzee, wengine wakasema ni kiburi, na vyote viwili alikuwa navyo, kwa hiyo hakuna aliyetafuta zaidi.

Mimi nilijua. Nitasema nilivyojua, kwa sababu ndilo jambo lenyewe.

Siku moja alikuja kunitaka nikuze herufi za simu yake. Nikazikuza. Baada ya wiki chache akarudi, nizikuze tena. Nikampa simu nikiwa nimesimama upande wake wa kulia, mkono umenyooka, simu karibu kabisa na bega lake. Yeye akaendelea kuitazama meza mbele yake akiningoja. "Fundi, umepotelea wapi?" Nilikuwa hapo. Nikausogeza mkono polepole kwenda mbele, na simu ilipofika karibu na pua yake ndipo akaiona, akaipokea, akashukuru. Nikarudi kwenye kiti changu. Vitu vyote vilijipanga vyenyewe kichwani: hesabu, koti, kuvuta picha kushoto na kulia, mama wa Kongo aliyeliwa na simu. Alikuwa anaona katikati tu. Pembeni kulikuwa kumefungwa. Watu aliwahesabu kwa masikio, na waliomponyoka aliwatafuta baadaye kwenye simu, akiwavuta mmoja mmoja waje mbele ya kile kidirisha cha macho alichobakiwa nacho. Simu ile ambayo mji ulidhani ni usasa wake ilikuwa fimbo ya kutembelea.

Sikumwambia kitu. Nilijiambia ni heshima. Mzee akificha jambo lake, mdogo halifunui. Nilijiambia pia kwamba anajua mwenyewe, na kwamba kumwambia ni kumnyang'anya kamera, na mtu yule bila kamera ningemweka wapi. Hayo yote yalikuwa kweli, lakini kubwa lilikuwa kwamba niliogopa uso wake. Niliogopa asije akaacha kuniita Fundi. Kwa hiyo nikamsaidia kuficha. Nikaanza kukaa mbele yake, si pembeni. Nikawa namsalimia mapema, kwa sauti. Wauza vitumbua walipolalamika niliwaambia masikio ya mzee ndiyo yamechoka. Tulikaa hivyo karibu miaka miwili.

Kisha ikaja arusi ya Bwesumbu. Kanisa moja la huko juu lilikuwa limeandaa siku ya kubariki ndoa za watu waliokaa pamoja miaka mingi bila kufika madhabahuni. Jozi sita za wanandoa, wazee watupu, wengine na wajukuu wanaosoma sekondari. Magauni na suti zilikodiwa Kasese zikapandishwa mlimani kwa gari la ndizi. Kameramani aliniomba niende naye, na hilo lilikuwa jipya, kwani hakuwahi kuniomba. Nilikuwa na simu za watu mezani. Nilimwambia nitamsindikiza safari nyingine.

Jumatatu alikuja mapema, akaweka kadi ya kamera mbele yangu, akakaa. Ilibidi nimtoe neno moja moja. Ibada ilikwenda vizuri. Alipiga picha za kila mume na mke, akapiga na kundi zima, watu kumi na wawili wakijihesabu hadi bonde likaitika. Kisha akakaa kwenye ngazi, akajifunika koti, akachomeka kadi kwenye simu. Simu ikaleta maandishi. Maandishi yale mimi nayajua: yanasema kadi haisomeki, je, nikuandalie upya? Kuandaa upya ni kufuta kila kilichomo. Jibu la kukataa limeandikwa pembeni, herufi ndogo. Yeye aliona neno moja katikati, akalibonyeza kama alivyozoea. Alipofungua, kadi ilikuwa tupu.

Hapo bado palikuwa na nafuu. Picha ikifutwa kwenye kadi haitoki mara ile. Inabaki chini, na fundi mwenye programu nzuri anaweza kuirudisha, mradi picha nyingine isije ikaikalia. Lakini watu walikuwa wamemzunguka wakingoja kuona. Akaona aibu. Akarudisha kadi kwenye kamera, akasimama, akaanza kupiga: watoto, keki, barabara, mbuzi, chochote, ili asionekane mtu aliyekosa kazi. Picha kama arobaini hivi, moja baada ya nyingine, zikiketi juu ya arusi za watu.

Nilishinda juu ya kadi ile siku tatu. Jozi tano zilirudi nzima. Wa jozi ya sita hawakurudi; mahali pao palikuwa na mbuzi. Niliwatafuta kwenye picha ya kundi, ambayo ilirudi safi kabisa. Waliojihesabu kumi na moja na kumi na mbili walikuwa mwisho wa mstari, na mstari ulikuwa umekatwa. Kilichoonekana cha mume ni kiwiko ndani ya suti ya kukodi. Cha mke hakikuonekana kitu.

Mwingine angetuma salamu za pole. Yeye alikodi gauni lilelile na suti ileile, akaniambia safari hii lazima twende wote, tukapanda.

Bibi arusi wa sita tulimkuta shambani, anapalilia maharagwe. Alikuwa amekaa nyumba za mgodini, penye watu wa makabila mengi, ujana wake wote pamoja na mumewe, kwa hiyo Kiswahili alikijua vizuri. Mume alikuwa amelala ndani, mgongo unamsumbua. Kameramani alimweleza kwamba picha zao zimepotea, akalifungua gauni na kumwomba alivae tena kidogo tu, pale mlangoni, hata dakika tano. Mama alilitazama gauni lile muda. Akasema hapana, bila hasira.

"Siku ile niliolewa," alisema. "Leo napalilia. Sasa nikivaa hiyo nitakuwa nadanganya nani?"

Kisha akauliza zilipoteaje. Kameramani alisema kadi iliharibika. Mama akanigeukia mimi, maana alikuwa ameambiwa mimi ni fundi, akaniuliza ni kweli kadi inaweza kuharibika namna hiyo. Kameramani alikuwa akitazama mbele, kwenye maharagwe. Jembe la mama lilikuwa limesimama, na nilikuwa na nafasi yote ya kusema kweli. Nikasema ndiyo, mama, kadi za siku hizi ni mbovu.

Akaamini. Fundi amesema. Akaomba aone kilichobaki, nikamwonyesha kwenye simu ile picha ya kundi yenye kiwiko. Aliicheka hadi akaketi chini. "Hii iko kiwiko ya bwana yangu," alisema, "ninaijua hata kwa giza." Akamwita mjukuu alete simu, nikairusha palepale shambani. Tukashuka na gauni letu. Njiani Kameramani aliniambia asante.

Baada ya hapo alipungua. Alikuja mezani, akafuta vumbi, akaondoka mapema. Shughuli alizokuwa akipata aliwapa vijana. Msimu wa mvua ulipokwisha, mkewe, ambaye kwao ni Bwera, alimchukua wakahamia kule, na meza yake akapewa muuza soksi. Mimi nilibaki na bati lile linalovuja. Nilikuwa na namba yake na sikuipiga. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na siku hizo nilikuwa nikiukumbuka msemo huo bila kupenda, maana tulikuwa tumeficha watu wawili uchi wa mmoja.

Nilimwona tena miaka kadhaa baadaye, wakati ambapo ukifika mpakani lazima unawe mikono na upimwe joto kwa sababu ya ugonjwa uliokuwa ng'ambo, Kongo. Nilikuwa nimeenda Bwera kwa kazi yangu ya vioo. Alikuwa ameketi kwenye benchi mbele ya duka la mkewe la chumvi, karibu na soko, fimbo katikati ya magoti. Nywele zilikuwa nyeupe zote. Nilimjia kutoka mbele, kama nilivyojizoeza, lakini hata mbele hakuniona. Niliposema shikamoo tu, akaitika, akasema, "Fundi. Umechelewa."

Nikakaa. Tukaulizana habari za nyumbani, za Rukoki, za muuza soksi. Kisha akanieleza bila mimi kuuliza. Mkewe alikuwa amemburuta hospitali. Daktari alimwambia ni presha ya macho, ugonjwa unaokula kutoka pembeni, polepole, bila maumivu, na mtu anazoea kila siku kile alichobakiwa nacho. Kuna dawa ya matone. Hairudishi kilichokwenda, lakini inalinda kilichopo.

"Nikamuuliza daktari, kama ningekuja mapema, ile miaka ya Kasese?" alisema. "Akasema, mzee, ungekuwa unaona mpaka leo. Si sana. Lakini ungeona sura ya mutu."

Lori lilikuwa linashusha mizigo upande wa pili wa barabara, vijana wanapokezana magunia. Nikaona nikinyamaza tena nitakuwa nimenyamaza hadi kaburini.

"Mzee, mimi nilijua."

"Najua ulijua," alisema. "Ulianza kukaa mbele yangu. Kabla ya hapo ulikuwa unakaa kando."

Nikamwambia nilidhani ni heshima. Alitikisa kichwa, si kwa hasira. Alisema kosa la kuficha ni lake, hilo amekwisha kuliungama mahali panapohusika, na hakuna wa kumsaidia kulibeba. Kisha akageuza uso upande wangu, mahali sauti yangu ilipokuwa inatoka.

"Lakini wewe uko fundi. Mutu akikuletea simu imeanza kuharibika, na wewe unaona, unamwambia? Ama unanyamaza juu ya kumupenda?"

Nilimwambia kwamba nilinyamaza kwa woga, kwamba nilikosea, kwamba kule Bwesumbu nilidanganya kwa kutumia kazi yangu mwenyewe na jambo hilo haliniachi. Nililia kidogo, na nilishukuru kwamba hanioni nikilia, kisha nikaona aibu kwa kushukuru huko. Aliniacha nimalize. Alisema ningemwambia, angenikasirikia mwezi mzima. "Mwezi moja ingepita," alisema.

Watu wa soko walikuwa wakipita mbele yetu, wengi wanamjua, wanamsalimu kwa furaha, wanaitikiwa, wanaenda. Na kila mmoja wao alikuwa ameona kile nilichokuwa nimekiona mimi tangu nikiwa ng'ambo ya barabara, nikaamua moyoni kwamba si mahali pangu kukisema. Mdomo wangu ulikuwa mzito kuliko nilipokuwa nikiungama.

"Mzee," nilisema, "shati umelivaa ndani nje. Mishono yote inaonekana, na mfuko unaning'inia."

Akapapasa bega, akaufuata mshono kwa kidole hadi kwapani.

"Tangu asubuhi?"

"Tangu nilipofika."

"Na hawa wote wanaosalimia wameona?"

"Wote, mzee."

Kisha akafungua vifungo palepale barazani, mbele ya soko zima la Bwera, akalivua shati, akanipa mkono wa shati wa kushoto nimshikie wakati yeye anageuza ule wa kulia.